Kupima Dawa za Kupaka kwenye Kucha za Miguu: Kuvu, Funza na Mguu wa Mkulima wa Khwisero

Dawa ya kupaka kwenye ukucha wa mguu ni rahisi kuuza na ngumu kupima, kwa sababu ukucha wenyewe hukua polepole kiasi kwamba mtu aliyeanza kuipaka wakati wa kupanda mahindi ya mvua za masika huwa bado hajaona matokeo yake kamili hata mahindi ya msimu wa pili yakivunwa. Ukucha wa kidole gumba cha mguu huongezeka kwa takriban milimita 1.5 kwa mwezi, na huchukua kati ya miezi 12 na 18 kujibadilisha wote tangu shinani hadi nchani. Sehemu iliyokwisha kuharibika haitengenezeki. Husukumwa mbele na ukucha mpya unaoota nyuma yake hadi ikatwe. Kwa hiyo jaribio lolote lililofanywa kwa muda mfupi kuliko huo hubaki likikisia, na muuzaji anayeahidi ukucha safi ndani ya wiki mbili anaahidi jambo ambalo maumbile hayaliruhusu.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika Khwisero, kaunti ndogo ya Kakamega inayokaliwa kwa wingi na Wakisa, mojawapo ya jamii za Waluhya, yenye wadi nne za Kisa Kaskazini, Kisa Mashariki, Kisa Magharibi na Kisa ya Kati. Ni sehemu ya mvua nyingi na mashamba madogo, ambako mguu wa mkulima hulowa tope la asubuhi, hugonga jiwe au kuguswa na makali ya jembe, hufungiwa ndani ya gambuti au kubaki mtupu, na katika nyumba zenye sakafu ya udongo huweza kuingiwa na funza. Mambo haya yote, ingawa ni tofauti kabisa kwa asili, huacha alama inayofanana: kucha nene, za manjano au za kijivu, zilizopinda, zinazomomonyoka, na zinazouma mtu avaapo viatu. Mwenye kucha hizo aingiapo kwenye kemisti mara nyingi hupewa jibu moja, kwamba ni fangasi, na hutoka na kijitubu cha krimu. Uchambuzi huu unashikilia kwamba kabla ya kuuliza kama krimu hiyo inafanya kazi, ni lazima ijulikane imepimwa juu ya ugonjwa upi, imelinganishwa na nini, na aliyeipima aliita nini kupona, kwa kuwa dawa ileile huweza kuonekana bora au hafifu kwa kubadilisha jibu la mojawapo ya maswali hayo.

Ugonjwa wa kuvu wa kucha, ambao wataalamu huuita onikomaikosisi, husababishwa mara nyingi na kuvu iitwayo Trichophyton rubrum, ileile inayoleta mwasho na ngozi kubanduka katikati ya vidole. Kuvu hii hula keratini, yaani protini ngumu inayojenga ukucha, nywele na tabaka la juu la ngozi. Kwa kawaida huanzia kwenye ngozi, hujipenyeza chini ya ukucha kupitia ncha au pembe zake, kisha husonga kuelekea shinani huku ikizalisha unga mzito unaoinua ukucha kutoka kitandani pake. Hapo ndipo ugumu wa tiba unapoanza, kwa kuwa adui yuko chini ya bamba gumu na dawa hupakwa juu yake.

Hata hivyo, takriban nusu tu ya kucha zilizoharibika ndizo zenye kuvu. Nusu nyingine hutokana na majeraha ya mara kwa mara, ugonjwa wa ngozi uitwao soriasisi, mzunguko hafifu wa damu uzeeni, au viatu vinavyobana. Katika magharibi mwa Kenya yafaa kuongeza sababu ambayo vitabu vya Ulaya na Marekani huitaja kwa nadra: funza. Mdudu huyu hupenda kuingia pembezoni mwa kucha za miguu, na mtu anayeingiliwa naye mwaka baada ya mwaka hubaki na kucha zilizopinda, au huzipoteza kabisa. Mtu mzima aliyeharibiwa kucha na funza utotoni anaweza kupaka dawa ya kuvu miaka mitano bila faida yoyote. Lawama ataielekeza kwa dawa, ilhali kosa lilitendeka siku ya kwanza, pale ugonjwa ulipotajwa kwa kuangaliwa kwa macho tu.

Kuthibitisha kuvu si kazi ya miujiza. Unga unaokwanguliwa chini ya ukucha huwekwa kwenye kioo pamoja na myeyusho wa potasiamu haidroksaidi, kemikali inayolainisha keratini na kuacha nyuzi za kuvu zikionekana chini ya hadubini. Hadubini inayotumika kusaka vijidudu vya malaria kwenye damu inatosha kwa kazi hiyo. Kipimo cha pili, kuotesha kuvu kwenye chakula maalumu cha maabara ili ijulikane ni ya aina gani, huchukua wiki kadhaa na mara nyingi hushindwa kuotesha kuvu iliyopo kweli. Majaribio yote makubwa ya dawa za kucha huanza kwa kudai vipimo hivi viwili vyote vioneshe kuvu, na hapo ndipo pengo la kwanza linapotokea kati ya jaribio na duka: asilimia za kupona zinazochapishwa ni za watu waliothibitishwa maabara, ilhali wanunuzi wengi hawajathibitishwa popote.

Ukucha pia si ngozi iliyokakamaa tu. Ngozi hupitisha vizuri vitu vyenye asili ya mafuta, lakini ukucha huwa kama utando uliojaa maji, unaopitisha kwa urahisi zaidi chembe ndogo zinazoyeyuka majini. Ndiyo sababu krimu iliyoponya mba wa mwilini kwa wiki nne huweza kupakwa juu ya ukucha mwaka mzima isifike chini. Zaidi ya hayo, dawa nyingi za kuvu hunaswa na keratini yenyewe, zikabaki ndani ya ukucha bila uhuru wa kuua chochote, kwa hiyo dawa inayoua kuvu vizuri kwenye kisahani cha maabara haina hakika ya kuiua mguuni. Dawa mbili zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2014, efinakonazoli na tavaboroli, zilibuniwa kwa kuzingatia vizuizi hivi: ya kwanza hushikwa kidogo na keratini, ya pili ina chembe ndogo sana. Kabla yao ilikuwapo saiklopiroksi ya asilimia 8, aina ya rangi ya kucha yenye dawa ndani yake, iliyoidhinishwa huko mwaka 1999.

Matokeo ya dawa hizo yanastahili kusomwa polepole. Kila moja ilipimwa katika majaribio mawili ambamo watu waligawanywa kwa kura katika makundi mawili, kundi moja likipaka dawa na jingine likipaka kibebeo, yaani myeyusho uleule usio na kiini cha dawa, bila mgonjwa wala mpimaji kujua nani kapewa nini. Upakaji uliendelea kila siku kwa wiki 48, na tathmini ikafanywa wiki ya 52 kwa efinakonazoli na tavaboroli, na wiki ya 48 kwa saiklopiroksi. Kwa saiklopiroksi, waliopona kabisa walikuwa asilimia 5.5 katika jaribio la kwanza na 8.5 katika la pili, dhidi ya 0.9 na 0 kwa waliopaka kibebeo. Kwa tavaboroli walikuwa 6.5 na 9.1, dhidi ya 0.5 na 1.5. Efinakonazoli iliongoza kwa 17.8 na 15.2, dhidi ya 3.3 na 5.5. Kwa hesabu ya kawaida, katika jaribio la kwanza la efinakonazoli watu saba hivi walipaka dawa kila siku kwa karibu mwaka mzima ili mmoja zaidi apone kuliko ambao wangepona kwa kibebeo peke yake, na katika la pili walihitajika kumi.

Msomaji anayeziona tarakimu hizi kwa mara ya kwanza huweza kudhani kwamba dawa hizi ni ubatili. Hukumu hiyo ingekuwa ya haraka, kwa sababu kupona kabisa katika majaribio haya kulimaanisha ukucha usio na doa hata moja, tena usioonesha kuvu kwenye hadubini wala kwenye maabara ya kuotesha. Ukitumiwa mzani mwingine, ule wa kutoweka kwa kuvu bila kujali sura ya ukucha, efinakonazoli ilifikia asilimia 55.2 na 53.4, na kibebeo 16.8 na 16.9. Jaribio ni lilelile, miguu ni ileile, lakini mmoja atasema dawa iliponya mtu mmoja kati ya sita, na mwingine atasema zaidi ya nusu. Mizani yote miwili ina kasoro. Wa kwanza ni mkali kupita kiasi, kwa kuwa wiki 52 hazitoshi ukucha wa kidole gumba kujibadilisha wote, na ukucha uliowahi kujeruhiwa huenda usirudie sura yake hata kuvu ikifa. Wa pili ni mlegevu, kwa kuwa masalio ya dawa yaliyobaki ndani ya ukucha yanaweza kuizuia kuvu isiote maabara ingali hai, na ndiyo maana watafiti walisubiri wiki nne baada ya upakaji kukoma kabla ya kuchukua vipimo. Aidha, ukweli kwamba kibebeo kisicho na dawa kiliondoa kuvu kwa watu 17 hivi katika kila 100 ni onyo kubwa kwa kila anayesimulia kuwa alipaka kitu fulani akapona: kukata kucha, kuziweka kavu na makosa ya vipimo vinaweza kuleta tiba ya karatasini.

Kuna pia swali la nani aliyepimwa. Majaribio ya efinakonazoli yaliwachukua watu wazima ambao kuvu ilikuwa imeshika kati ya asilimia 20 na 50 ya ukucha wa kidole gumba, wakiwa Marekani, Kanada na Japani. Ukucha uliokwisha kuliwa wote, ambao ndio huwafikisha wengi kwenye zahanati vijijini, haukuwamo. Saiklopiroksi nayo ilipimwa pamoja na utaratibu wa mhudumu wa afya kuondoa ukucha uliolegea mara kwa mara, hadi kila mwezi, kwa hiyo asilimia zake ndogo ni za dawa na mkono wa mtaalamu kwa pamoja. Mkulima anayepaka rangi hiyo peke yake nyumbani, miguu ikirudi topeni kila alfajiri, anatumia tiba ambayo haikupimwa.

Yawezekana kuuliza kwa nini basi kusumbuka na dawa za kupaka, ilhali vidonge vya tabinafini, vinavyomezwa miligramu 250 kila siku kwa wiki 12, huponya kabisa karibu watu wanne kati ya kumi. Jibu limo ndani ya mwili wa mgonjwa wenyewe. Tabinafini huweza kuudhuru ini, na ketokonazoli ya kumeza iliwekewa vizuizi vikali Ulaya na Marekani mwaka 2013 kwa sababu hiyohiyo. Rifampisini, nguzo ya tiba ya kifua kikuu, hulichochea ini kuzivunja dawa nyingi za kuvu kabla hazijafanya kazi, na baadhi ya dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI hugongana nazo. Katika magharibi mwa Kenya, ambako wanaomeza dawa hizo ni wengi, dawa inayobaki juu ya ukucha bila kuingia damuni inahitajika hasa. Pia kuvu inayoanzia shinani mwa ukucha na kuufanya mweupe huweza kuwa ishara ya kinga iliyoshuka, kwa hiyo mhudumu anayeiona anapaswa kumfikiria mgonjwa mwenyewe aliye mbele yake, si kidole peke yake.

Kenya haina upungufu wa uzoefu wa kupima dawa za kupaka miguuni. Uzoefu huo, hata hivyo, umetoka kwa funza. Mdudu huyu, Tunga penetrans, si wa asili ya Afrika. Alivuka bahari kutoka Brazil hadi pwani ya Angola mwaka 1872, akaenea bara zima, na kabla ya karne hiyo kuisha alikuwa amefika Bahari ya Hindi. Jike hujichimbia ndani ya ngozi, hasa vidoleni, hunyonya damu, huvimba hadi kukaribia sentimita moja, hutaga mayai kupitia kijitundu anachokiacha wazi kwa ajili ya hewa na uchafu wake, kisha hufa mwenyewe baada ya wiki tano hivi. Watu humchokoa kwa pini, sindano au mwiba, mara nyingi kifaa kimoja kwa watoto kadhaa, jambo linaloleta hatari ya pepopunda na ya magonjwa ya damu. Wengine humwagia mafuta ya taa, au hata dawa ya kuogeshea mifugo. Utafiti wa Ruth Nyangacha na wenzake, uliochapishwa mwaka 2017, ulichunguza bakteria wanaoingia katika vidonda vya wagonjwa wa funza magharibi mwa Kenya, na usugu wao dhidi ya antibayotiki. Nyangacha amefanya pia utafiti wa funza katika Kaunti ya Vihiga, inayopakana na Khwisero.

Kwa miaka mingi tiba iliyotolewa mashuleni na kwenye kambi za matibabu ilikuwa kuloweka miguu katika beseni la maji ya zambarau yenye pamanganeti ya potasiamu. Marlene Thielecke, Hermann Feldmeier wa hospitali ya chuo kikuu ya Charité mjini Berlin, na wenzao wakiwamo wa Kenya, waliamua kuilinganisha tiba hiyo na daimetikoni, mafuta mepesi ya silikoni ambayo hayamtilii mdudu sumu bali hutambaa hadi kwenye kijitundu chake na kukiziba. Waliwachukua watoto 47 wa mashambani Kenya, na badala ya kuwagawa watoto waliigawa miguu: kwa kila mtoto mguu mmoja uliangukia daimetikoni na mwingine pamanganeti, kwa kura. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionesha kwamba baada ya siku saba asilimia 78 ya funza waliopakwa daimetikoni hawakuwa tena na dalili yoyote ya uhai, dhidi ya asilimia 39 upande wa pamanganeti. Kwa kuwa idadi ilikuwa ndogo, makadirio ya kitakwimu yaliiacha tarakimu ya kwanza ielee kati ya 67 na 86, na ya pili kati ya 28 na 52, lakini hata kwa upana huo hazikugusana.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba mtoto huwa mizani ya nafsi yake: umri, sakafu anayolalia, chakula na afya yake ni vilevile kwa miguu yote miwili. Uzuri wa pili ni uamuzi wa kuilinganisha dawa mpya na dawa ambayo watu walikuwa wakipewa kweli, si na maji matupu. Swali la mama wa mtoto ni kama dawa mpya inalishinda beseni la zambarau lililoko shuleni, na jaribio lilimjibu yeye. Udhaifu wake nao ni dhahiri. Zambarau haifichiki, kwa hiyo anayepima huweza kujua mguu upi ulilowekwa wapi. Tena, kwa sababu funza hufa mwenyewe, ni lazima ijulikane kila mmoja alikuwa na umri gani siku ya kwanza, la sivyo uzee wa mdudu utahesabiwa kuwa ushindi wa dawa. Dalili za uhai, yaani mayai, uchafu, majimaji na mapigo yanayoonekana kwa kukuza picha, zilichaguliwa ili kuukwepa mtego huo.

Mwaka 2019 Lynne Elson, Ulrike Fillinger wa kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, na wenzao walichapisha jaribio lililofanywa pwani ya Kenya, ambamo mchanganyiko wa mafuta ya mwarobaini na ya nazi ulilinganishwa na pamanganeti kwa watoto wa umri wa shule. Mafuta hayo hayakuishinda pamanganeti katika kuua funza kwa siku saba, lakini yaliwazeesha haraka na kutuliza uvimbe na mwasho zaidi. Ni matokeo ya thamani kubwa kuliko yanavyosikika, kwa sababu yalitolewa bila kufichwa ingawa lengo kuu halikufikiwa, na kwa sababu yanahusu mafuta yanayokamuliwa nchini.

Mpango wa miguu miwili hauwezi kuhamishiwa kwenye kuvu ya kucha kama ulivyo. Funza aliyeko mguu wa kulia hahamii wa kushoto, ila mbegu za kuvu husafiri kwa taulo, kwa maji ya beseni na ndani ya kiatu, hivyo mguu uliopewa dawa hafifu ungeendelea kuuambukiza ule uliopewa dawa bora, na tofauti ikafifia. Kwa kuvu ni lazima wagawanywe watu, pengine hata nyumba nzima, maana kaya moja huchangia gambuti. Siku saba nazo zingegeuka miezi 15 au 18, na kumfuatilia mtu muda huo wote kwenye sehemu ambayo vijana huondoka kwenda Kisumu au Nairobi kutafuta kazi ni gharama kubwa kuliko dawa yenyewe. Wahamasishaji wa afya ya jamii, waliokabidhiwa mikoba ya vifaa na serikali mwaka 2023, hupita nyumba kwa nyumba na wangeweza kupiga picha ya ukucha kila mwezi na kupima kwa rula umbali kati ya shina na mpaka wa sehemu iliyoharibika. Ukucha mpya safi unaosogea mbele ni ushahidi wa mapema kuliko kusubiri ukucha mzima.

Kinacholinganishwa na dawa mpya katika jaribio la namna hiyo hakipaswi kuwa kibebeo tu. Kichupa kimoja cha efinakonazoli, chenye mililita 4, huuzwa Marekani kwa mamia ya dola. Kwenye zahanati za Afrika Mashariki kilichozoeleka ni mafuta ya Whitfield, mchanganyiko wa asidi ya benzoiki asilimia 6 na asidi ya salisiliki asilimia 3, ambayo asidi yake ya pili hulainisha na kumomonyoa keratini. Jaribio lililofanywa Malawi katika miaka ya 1990 lilionesha kwamba kwa kuvu ya ngozi mafuta hayo ya bei nafuu yalikaribiana na krimu ya klotrimazoli. Ukucha ni jambo jingine, kama ilivyokwisha kuelezwa, lakini swali la haki kwa Khwisero ni hilo hasa: je, mafuta ya Whitfield yakipakwa usiku juu ya ukucha uliopunguzwa unene kwa tupa, na kufunikwa, yatakaribia asilimia 17.8 ya dawa ya mamia ya dola, au yatabaki pamoja na kibebeo? Swali hilo halina kampuni ya kulilipia, kwa kuwa mafuta ya Whitfield hayana mwenye hati miliki na huchanganywa na mfamasia yeyote aliyefunzwa. Itabidi lilipiwe na serikali ya kaunti, chuo kikuu cha umma kama Masinde Muliro kilichoko mjini Kakamega, au taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, KEMRI, na jaribio lianze kwa kioo, tone la potasiamu haidroksaidi na hadubini ya malaria, ili wenye kucha zilizopindwa na funza watengwe mapema na wapewe jibu linalowafaa wao.